Swali la binti wa Dunda

Jana jioni nilipita na mwanangu karibu na ule mnara mdogo unaokumbusha mahali Wajerumani walipowanyonga watu waliopinga utawala wao. Alisoma maandishi yake taratibu, kidole kikifuata herufi, kisha akaniuliza: "Mama, Wajerumani wa siku hizi wanajua?" Sikumjibu mara moja, kwa kuwa swali hilo nilikwisha kulisikia darasani, na aliyelizima ni mimi.

Ulikuwa mwaka ule wa darasa la pamoja, Kidato cha Tatu chetu na darasa la shule moja ya Ujerumani, tukikutana kwa intaneti kila Jumatano kwa wiki saba. Wiki ya kwanza ilipotea kwa sababu ya saa: wenzetu waliandika kwamba tukutane saa 11 kwa saa za kwao, nasi tunaohesabu saa tangu alfajiri tukajiandaa kwa saa 11 jioni, ilhali wao walikuwa wametungoja tangu saa 7 mchana. Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Kiingereza hakikuwa lugha ya mama kwao wala kwetu, jambo ambalo naamini lilitusaidia sana, kwani hakuna upande uliojiona mwenye nyumba. Kila kundi lilichanganya vijana wa huku na wa kule, na kila mmoja alitakiwa kupiga picha ya mahali panapokumbukwa mjini kwao na kuwaeleza wenzake. Hadi leo nashikilia kwamba madarasa ya namna hii huzaa matunda pale wanafunzi wanapopewa kazi moja ya kuifanya pamoja. Kusalimiana na kuonyeshana bendera hakumfikishi mtu mbali.

Wiki ya tano ilikuwa zamu ya binti mmoja wa Dunda, kata ya hapa kwetu Bagamoyo. Tulikuwa tumetundika shuka jeupe ukutani, na picha yake ya mnara ilikaa upande mmoja, nyuso za wenzetu upande wa pili. Alieleza kwa sauti ndogo, bila kusoma popote, jinsi watu wa pwani walivyoinuka mwaka 1888 dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuwatawala, na jinsi Bushiri bin Salim alivyonyongwa Pangani, Desemba 1889. Kisha akainua macho, akamtazama mwenzake wa kundi, kijana mwenye miwani, akamuuliza: "Kwenu mnafundishwa habari hii?"

Kijana akajibu, "Hapana." Akavua miwani, akaiweka mezani, akafungua kinywa, akakifunga tena. Wawili waliokuwa wakinong'ona nyuma yake wakanyamaza. Kwetu hakuna aliyekohoa. Feni ilikuwa ikilipepea shuka, uso wa yule kijana ukawa unajikunja na kujikunjua, naye bado anatazama chini. Hazikuzidi sekunde kumi. Mimi niliyelelewa kwamba mgeni haaibishwi barazani niliona aibu imemfika mgeni wangu, nikasimama na kusema tusilaumiane kwa mambo ya mababu, twende kwenye picha inayofuata. Binti akaketi.

Kengele ilipolia alikuja mezani kwangu. "Samahani, Mwalimu. Sikumlaumu. Nilitaka kujua tu."

Siku tatu baadaye kijana yule aliandika katika ukurasa wa kundi lao kwamba alikuwa bado anatafuta maneno nilipoingia kati, na kwamba angependa aulizwe tena. Mimi nilikuwa nimeusoma ukimya wake kwa macho ya nyumbani kwetu, ambako ukimya wa namna ile ni wa kuona haya. Kumbe yeye alikuwa anafikiri. Vilibaki vipindi viwili, vyote vya kukamilisha kazi ya makundi, na nafasi ya kumuuliza tena sikuitoa. Nilijiambia kwamba ratiba imebana. Ilikuwa imebana kweli, lakini dakika tano zisingekosekana.

"Mama, nimekuuliza," mwanangu alisema, akinivuta mkono.

Nikamwambia kwamba mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kumuuliza kijana wa huko, na kijana akasema hakufundishwa.

"Halafu akasema nini?"

"Alitaka kusema kitu. Nikamkatiza."

Aliurudia mnara kwa macho, akasoma tena mstari wa kwanza, na hakuuliza zaidi.