Hoja niliyoitetea vibaya
Mwezi Agosti 2019, moto ulipokuwa ukiteketeza sehemu za msitu wa Amazon, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa aliandika kwamba msitu huo huzalisha asilimia 20 ya oksijeni ya dunia, nami nikalitetea dai hilo kwa ukali mbele ya kaka yangu aliyemuunga mkono Jair Bolsonaro, rais wa Brazil wakati huo. Nilikosea. Karibu oksijeni yote ya msitu ule hutumika humo humo, kwa upumuaji wa mimea yenyewe na wa vijidudu vinavyoozesha majani. Vipimo vya mwanasayansi Mmarekani Ralph Keeling vinaonyesha kwamba oksijeni hewani hupungua kidogo mno kila mwaka, hasa kwa uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hata hivyo kaka hakuwa na haki: kaboni iliyohifadhiwa mitini na mvua inayotegemea msitu huo zilitosha kuutetea, na inaniuma kwamba sikuzitaja.