Watoto waliokombolewa kandokando ya ziwa
Juzi nikiwa Ujiji na mjomba wangu, tulizungumza kwa kirefu kuhusu Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki, waliofika huko mwaka 1879 na kuwakomboa watoto utumwani kwa kuwalipia, kisha wakawalea katika vituo vyao kandokando ya Ziwa Tanganyika. Si wote waliokuwa wamefiwa. Wapo waliotenganishwa na wazazi kwa vita na misafara ya watumwa. Adrien Atiman, mzaliwa wa Mali aliyekombolewa vivyo hivyo, alisomea udaktari Malta, akafika Karema, kando ya ziwa hilo, mwaka 1889, akatibu watu huko kwa miongo mingi. Hata hivyo, nadhani malezi hayo yalikuwa na sharti zito, kwani mtoto alipewa chakula pamoja na dini mpya. Mjomba hakukubaliana nami. Yeye alilelewa na shangazi yake huko Kasulu, utaratibu wa ndugu kulea mtoto ambao Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haikuuanzisha, kwani ulikuwepo kabla yake.