Kuku tisa na kafyu ya saa moja

Kabla sijaanza mjue kwamba wakati huo mimi nilikuwa nachoma kuku. Sio hoteli, hata kibanda sikuwa nacho, ilikuwa tu pipa limepasuliwa katikati na fundi wa Kibuye akaliwekea miguu na wavu, naliweka nyuma ya ploti tunakokaa hapa Migosi, Kisumu, watu wanapiga simu wanaweka oda, usiku naloweka kuku na tangawizi na kitunguu saumu na ndimu, kesho yake nachoma, mtu wa boda anapeleka. Mwezi mzuri nilikuwa nalipa nyumba na fees na nabaki na ya makaa. Mwezi mbaya wacha tu.

Sasa hiyo Juni ya 2021 kuna kastoma mmoja aliitisha kuku 12 za sherehe ya Ijumaa jioni, akatuma shilingi 4,000 mkononi, zingine atamalizia akishapokea. Alhamisi mchana nishachinjiwa, nishaosha, nishaloweka, karai mbili zimejaa mpaka juu, ndio naskia redio ya jirani inasema ati korona imezidi upande wetu, kaunti 13 zimewekewa masharti makali, Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Busia, mpaka huko Kericho na Bomet, na kuanzia tarehe 18, yaani kesho, kafyu ni saa moja jioni mpaka saa kumi alfajiri. Saa moja! Huko kwingine wakabaki na saa nne yao. Saa moja Kisumu ndio jua limeingia ziwani sasa hivi, watu ndio wanatoka kazini, mama wa samaki ndio anaweka karai ya mafuta kwa moto, mji ndio unaanza kuamka, halafu uambiwe uingie kwa nyumba ufunge mlango.

Nikapigia kastoma. Akaniambia usijali dada, tutaanza mapema, saa nane watu watakuwa wameketi. Nikamuamini. Ijumaa nikawasha makaa saa moja asubuhi, mimi na kijana ninayemlipa anisaidie, na kwa sababu ya njaa tukatoa zile firigisi zote, tukazichoma kwa kijiti na chumvi na pilipili, tukala tukisimama hapo hapo kwa moshi. Firigisi 12, watu wawili. Kumbukeni hiyo.

Saa saba na kitu simu ikalia. Ati wageni wa kutoka Kisii hawaji, wa Kericho hawaji, mwenye sherehe mwenyewe amevunjika moyo, kwa hivyo yeye atachukua kuku tatu tu, na kwa vile alishalipa 4,000 basi tuko sawa. Hesabu yake ilikuwa inaingia vizuri sana upande wake. Nilikuwa na mengi ya kusema lakini na hiyo biashara ya kutegemea simu ukigombana na mtu mmoja anaambia kumi, nikasema sawa.

Nikabaki na kuku tisa wa kuchoma, moto moto, wananukia ploti nzima.

Nne niliuza kwa bei ya kulia, jirani mmoja, mwenye duka, askari wa geti la shule hapo chini, na mwalimu fulani aliyechukua moja akasema atalipa mwisho wa mwezi (alilipa Oktoba). Saa kumi na mbili na nusu boda zote zilikuwa zinakimbia kama kuna moto nyuma yao, na saa moja kamili Migosi ikanyamaza, kimya kile hata mbwa walikuwa wanashangaa. Halafu kwa vile siku mbaya haiji peke yake, stima ikapotea. Kuku tano mezani, na friji yangu ilikuwa ile ndogo ya kufika kiunoni, ambayo hata stima ikiwa iko inafanya kazi ikijisikia.

Hapo sasa ndio niwaambie kuhusu Baba.

Baba alikuwa amekuja Jumatano kutoka nyumbani Maragoli, kliniki yake ya presha ilikuwa Alhamisi, Ijumaa arudi. Lakini na vile mambo yalikuwa nilimwambia abaki kwanza. Mama alikuwa ametuacha mwezi wa pili huo mwaka, na tangu tumzike mzee alikuwa ameanza kupungua, sio kuugua, kupungua tu, shati inakaa kama imeanikwa. Unamwekea chakula anakata tonge mbili, anasema asante, ananawa. Ukimuuliza shida ni nini anakwambia meno. Na kweli meno yamebaki ya kuhesabu, lakini hata uji alikuwa anaacha nusu, na uji hauna haja ya meno.

Ijumaa usiku na mwanga wa simu nikamtolea paja, lile zuri la kahawia, ngozi inalia ukiigusa. Akaligeuza. Akaligeuza tena. "Nyama iko sawa, mama, lakini meno." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mamake. Akalirudisha kwa sahani taratibu kama mtu anarudisha kitu cha wenyewe. Binti yangu, alikuwa na miaka saba, akamuuliza babu yake, "Guga, nikule yako?" Akampa akamwangalia akila mpaka mfupa, na nafikiri hiyo ndiyo raha aliyopata siku hiyo.

Sikulala vizuri. Kuku aliyeiva kuachwa nje usiku mzima na hili joto letu ni kujitafutia kuhara, na mtu akiharisha kwa ajili ya kuku wangu basi biashara imekufa. Kwa hivyo usiku huo huo, kabla hawajapoa kabisa, niliketi na tochi ya simu imeegemezwa kwa chupa ya mafuta nikaanza kunyofoa nyama. Kuku wa kuchoma akiwa bado na uvuguvugu nyama inaachia mfupa yenyewe, unasukuma tu na kidole gumba, akishapoa inakuwa vita. Kidari upande wake, mapaja na mabawa upande wake, ngozi kwa kibakuli chake kwa sababu ngozi ndiyo imebeba moshi wote. Nyama nikaitia kwa mikebe ya mfuniko nikapeleka kwa mama wa chini, friza yake ilikuwa imejaa barafu ya kuuza, hata stima ikienda hiyo inakaa mpaka kesho. Mifupa yote, migongo, shingo na ngozi, nikaitupa kwa sufuria kubwa ya harusi na maji, vitunguu viwili na maganda yao, kipande cha tangawizi, nikaiweka juu ya makaa yaliyobaki kwa pipa. Ikachemka polepole mpaka karibu usiku wa manane. Mimi na kafyu yangu nyuma ya nyumba, nimejifunga leso, naondoa povu na kijiko.

Hiyo nyama niliishia kuipika na njugu. Kwa nini njugu? Sijui kama niliamua. Ni kwamba ile harufu ya supu ya mifupa iliyochomwa ilinipeleka jikoni kwa Mama. Nyumbani, wageni wakija wengi na kuku zikachinjwa kuliko zinazohitajika, hakukuwa na friji, Mama alikuwa anakausha nyama juu ya moto mpaka inakuwa nyeusi, inaning'inia hapo kwa moshi siku mbili tatu, halafu wageni wakishaenda na nyumba imetulia anaipika na njugu za kutwanga. Sisi watoto tulikuwa tunangojea wageni waende. Yaani mjomba anaaga na wewe unafurahi mpaka unambebea begi hadi barabarani.

Jumamosi asubuhi nikarudishia supu moto mpaka ikatokota kabisa, nikatoka, pale Kondele nikapata nusu gorogoro ya njugu, zile nyekundu ndogo, sio zile kubwa za rangi ya waridi ambazo zina maji maji. Nilipomwambia mama wa chini nataka kufanya nini na kuku aliyechomwa tayari, alicheka mpaka akashika ukuta. "Si hiyo ni athola tu! Sisi tunachoma ng'ombe halafu tunampika, nyinyi Waluhya mnataka kujifanya mmevumbua na kuku." Nikamwambia athola yenu haina njugu. Akasema basi nimletee bakuli ndio aamue.

Stima ilikuwa bado, kwa hivyo blenda ilikuwa ni pambo. Nikakaanga njugu kwa kikaangio kikavu, nikazipeta maganda mlangoni, nikachukua kile kinu kidogo cha kutwangia kitunguu saumu nikaanza. Puu, puu, puu. Njugu zinaruka, zingine ziko chini ya kochi. Baba alikuwa ndani amelala, ama amefunga macho tu. Nikasikia mlango.

"Hivyo unazipiga," akasema. "Zinatakiwa kusagwa, hazijakukosea."

Akavuta kigoda akakaa, akaninyang'anya mchi. Akatia chumvi, kiasi cha kushikwa na vidole vitatu, akasema chumvi inazishika zisiruke, Mama alikuwa anafanya hivyo. Hilo ndilo jambo la kwanza alisema kuhusu Mama tangu matanga, na alilisema akiangalia kinu. Sikujibu, niliogopa nikijibu atanyamaza. Mkono wake ulikuwa unazungusha, hautwangi, unazungusha na kukandamiza, na baada ya muda ule unga ukaanza kung'aa, ukashikana, mafuta yakatoka pembeni ya kinu. Alifanya hivyo karibu saa nzima, kinu kwa kinu, binti yangu akiokota zilizoruka na kuzila.

Mapishi yenyewe ni mepesi ukishafika hapo. Unakaanga kitunguu kimoja na nyanya moja, usizidishe nyanya, hii sio nyama ya kukaanga ya kawaida. Ile njugu iliyosagwa unaikoroga kwanza kwa bakuli na supu ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka inakuwa kama uji, ukiitupa nzima nzima ndani ya sufuria inafanya mabonge na hutayatoa hayo mabonge mpaka Yesu arudi. Unamimina, unaongeza supu ya mifupa iliyochujwa, unapunguza moto, unakoroga. Unakoroga. Njugu inapenda kushika chini. Inakuwa nzito, inapasuka vijipovu puf puf kama matope, na ukiona mafuta ya rangi ya dhahabu yamepanda juu ujue imekubali. Nyama inaingia mwisho kwa sababu ilishaiva jana, unachotaka ni ipate moto sawasawa mpaka katikati na inywe mchuzi, ukiichemsha tena muda mrefu inakuwa nyuzi za kamba.

Mimi bila shaka nilienda kupokea simu. Kastoma mwingine, wa Jumapili, anaahirisha. Nikirudi Baba amesimama juu ya sufuria na mwiko: "Imeshika chini. Nilikwambia."

Hakuwa ameniambia. Nikasema samahani Baba.

Nikasonga ugali wa mahindi uliochanganywa na wimbi, tukala saa kumi jioni, mapema, kwa vile siku hizo kila kitu kilikuwa mapema. Nikampakulia. Akakata tonge, akalibonyeza katikati, akachota mchuzi, akakula. Nyama ilikuwa laini unaweza kuimeza bila meno. Tonge la pili. La tatu. Mimi nilikuwa najifanya nasaidia mtoto kuondoa kitunguu kwa sahani yake, na huku nahesabu. Tonge la sita akasimama, nikajua basi, ndio hapo. Kumbe alikuwa anatafuta. Anasukuma nyama na kidole huku na huku, anainua, anaangalia chini yake.

"Na imondo iko wapi?"

Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, kila mtu anajua, hata mtoto wa chekechea anajua, unaweza kusahau chumvi lakini huwezi kumwekea mzee kuku bila imondo. Na mimi nilikuwa nimekula, na kijana wa kazi, nusu nusu, tukisimama.

Nikasema ukweli. "Nilikula, Baba."

"Kuku walikuwa wangapi?"

"Kumi na mbili."

"Zote?"

"Na kijana alinisaidia."

Akaniangalia. Muda mrefu. Mtoto naye akaacha kutafuna. Halafu mzee akarudi kwa sahani akakata tonge lingine, akasema akiwa nalo mkononi, "Mama yako alikuwa anakata nusu anakula jikoni. Nusu yangu ananiwekea upande uliokatwa ukiangalia chini, nisione kisu kilipopita. Miaka arobaini na moja."

"Na hukuwahi kusema?"

"Ningesema nini? Nusu ilikuwa inanifikia."

Akamaliza lile tonge, akasukuma sahani upande wangu.

"Ongeza hapo. Na ukwangue chini, pale ulipounguza."