Mordekai Alipita Kila Siku

Somo: Esta 2:5–11, 20, Yakobo 1:27

Wapendwa katika Kristo, amani iwe kwenu.

Kitabu cha Esta tumezoea kukisoma kwa ajili ya malkia, karamu na hila za Hamani. Juma hili tukae na mlezi. Esta hakuwa na baba wala mama. Mordekai, ndugu yake wa ukoo, akamtwaa akamlea kama binti yake, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa uhamishoni katika mji wa watu. Kisha binti akachukuliwa kwenda nyumba ya mfalme. Andiko linasema Mordekai alikuwa akitembea kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake, apate kujua Esta ana hali gani na nini kitampata. Kila siku. Hatusomi popote kwamba alibeba zawadi. Alipita, akauliza, akarudi kwake, na kesho yake akapita tena.

Yakobo naye anasema dini iliyo safi ni "kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao". Ni kutazama kule kwa kumtazama mgonjwa: unakwenda, unakaa, unauliza amekula nini, dawa anameza saa ngapi, usiku analala na nani. Tena anasema "katika dhiki yao", na hapo ndipo jumuiya zetu nyingi hukosea majira.

Desemba makao ya watoto huweza kupokea vikundi viwili vitatu kwa siku moja. Huja biskuti, soda, pipi, sukari na mafurushi ya nguo za mitumba. Watoto hupangwa mstari, huimba wimbo ule ule mara tatu, na kila kikundi huondoka kikiwa na furaha. Januari shule zinafunguliwa, na fedha yote ya akiba huishia kwenye sare, viatu, madaftari na godoro la aliyepangiwa bweni. Hapa Tanzania ada ya shule za serikali imeondolewa hadi kidato cha sita, lakini mambo hayo hayakuondolewa. Ikifika Februari stoo ina sukari, na unga hakuna. Dhiki yao ni Februari.

Tupige hesabu, maana upendo usiojua hesabu huwachosha wanaopika. Chukua makao yenye watoto 40 wa umri mchanganyiko. Ugali wa mlo mmoja unataka wastani wa gramu 200 za unga kwa kila mmoja, yaani kilo 8. Mfuko wa kilo 25 tunaoukabidhi kwa makofi na picha unakwisha siku ya tatu. Uji wa asubuhi ni kama kilo 2 za unga kwa siku, maharage kilo 2 na nusu kwa mlo, na mafuta ya kula yakitumika kwa kubana, dumu la lita 20 linamaliza mwezi. Kwa hiyo jumuiya ya familia 20 isiyo na uwezo mkubwa inaweza kuchukua jambo moja tu, tuseme mafuta, ikalibeba mwaka mzima bila kukosa. Msimamizi wa makao akishajua kuwa mafuta ya kila mwezi yapo, fedha aliyokuwa akiihangaikia inakwenda kwingine. Dumu 12 zinazokuja kwa wakati zinamfaa kuliko lori moja la vitu mchanganyiko.

Penye watoto wachanga, uliza kwanza maziwa ya kopo ni ya aina gani na ni ya umri upi. Kubadilishabadilisha aina kila wafadhili wanapobadilika humvuruga mtoto tumbo. Maziwa ya ng'ombe hayafai kuwa chakula kikuu cha mtoto asiyetimiza mwaka. Kopo la gramu 400 humtosha mtoto wa miezi miwili siku tatu hadi nne, kwa hiyo kwa mwezi anahitaji makopo manane au tisa. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi ukiwa bado dukani.

Ukipeleka mahindi badala ya unga, hakikisha yamekauka. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi yaliyowekwa na unyevu ndiyo kuvu hao wanayoyapenda. Kipimo chake hakihitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza kiganja cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado yana maji na hayafai kuwekwa ghalani. Ikishuka yote chini na kuiacha chupa safi, unaweza kuyapeleka. Mtu aliyefanya hivyo kabla ya kufunga gunia amewatazama yatima, hata kama siku ya makabidhiano hakuwepo.

Vitu ambavyo havipigiwi picha ndivyo hukosekana: umeme wa luku, maji, gesi au kuni za jikoni, sabuni ya unga, neti, nguo mpya za ndani. Pedi vilevile. Wasichana 15 waliovunja ungo wanahitaji takriban pakiti 30 kwa mwezi, pakiti mbili kila mmoja. Zikikosekana, binti hukaa nyumbani siku tatu au nne za masomo kila mwezi, au huomba kwa mtu asiyepaswa kumwomba. Akina mama wa jumuiya, hili lichukueni ninyi, na mzikabidhi kwa mama mlezi kimyakimya.

Huyo mama mlezi tumtaje vizuri. Ndiye anayeamka saa nane za usiku mtoto akiota ndoto mbaya. Ndiye anayejua yupi hawezi kulala taa ikizimwa na yupi anaficha mkate chini ya mto kwa sababu aliwahi kulala na njaa. Mshahara wake ukichelewa miezi mitatu, anaondoka, na hawezi kulaumiwa kwa sababu ana wanawe pia. Akiondoka, mtoto anampoteza mama kwa mara ya pili, wengine kwa mara ya nne au ya tano. Wafadhili hupenda kujenga, na majengo yenye vibao vya majina yapo mengi. Kulipa mshahara wa mlezi mmoja pamoja na michango yake ya hifadhi ya jamii hakuna kibao, lakini kama mnauliza fedha ya jumuiya iende wapi kwanza, jibu letu ni hapo.

Kuna jambo ambalo wageni hulifurahia, na linatuhuzunisha. Unashuka kwenye gari, mtoto wa miaka minne anakukimbilia, anakukumbatia miguu, anakuita mama. Tunasema, "Tazama walivyo na upendo!" Mtoto mwenye mtu wake akiona mgeni hurudi nyuma kwanza, hushika kanga ya mama yake, huchungulia. Yule anayemkumbatia kila anayeshuka kwenye gari mara nyingi hana aliye wake, na amejifunza kuwa watu huja na huondoka. Utafiti uliofanywa Bucharest, nchini Romania, kuanzia mwaka 2000, kwa watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi, ulionyesha kuwa waliohamishiwa kwa familia za walezi waliendelea vizuri zaidi kuliko waliobaki, na mapema ilikuwa bora. Basi mkienda, waende watu walewale wanne au watano, siku ileile ya mwezi. Msimwahidi mtoto "nitakuja Jumamosi" kama Jumamosi yenyewe bado hamjaijua. Mtu mzima asikae chumbani peke yake na mtoto, hata akiwa mchungaji, padri au mwalimu wa Sunday school. Mkiona dalili za mtoto kuumizwa, namba ya bure ya kupiga ni 116, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri lazima ajulishwe.

Picha za nyuso zao msizisambaze kwenye makundi ya simu. Mtoto huyo kesho atakuwa kidato cha tatu, na mwenzake ataikuta picha yake akikabidhiwa sabuni. Wala msimuulize mbele ya watu wazazi wake walikufa na nini. Na tuwe waangalifu na midomo yetu mimbarini: "asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" ni methali nzuri, lakini mbele ya watoto 40 wasio na mama inawaambia nini?

Kabla ya yote hayo, uliza makao yana leseni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao yasajiliwe, na mtoto afike hapo kwa kupitia ustawi wa jamii. Msimamizi mwema hachukii kuulizwa. Uliza pia watoto wangapi wana ndugu walio hai, maana wengi wao wana mzazi mmoja, bibi, shangazi au mjomba. Walifika hapo kwa sababu mama alifariki akijifungua, au baba alishindwa kulisha, au mtoto ana ulemavu na kijijini hakuna huduma. Zaburi 68 inasema "Mungu huwakalisha wapweke nyumbani". Nyumbani. Bibi mwenye mbuzi watatu wa maziwa, bati zisizovuja na mtu wa kumtembelea anaweza kumlea mjukuu wake kwa gharama ndogo kuliko makao. Lakini mtoto harudishwi kwa familia yake kwa siku moja: afisa ustawi huitafuta familia na kuikagua, mtoto huenda likizo fupi, kisha ndefu, ndipo huhamia, na baada ya hapo lazima pawe na anayepita kuangalia. Wengi hurudi makaoni au mtaani kwa kukosa huyo wa mwisho. Na wenye nafasi nyumbani mwao, upo utaratibu wa malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto kwa muda, na wa kuasili, yaani kumfanya mwanao kisheria. Maombi yanaanzia kwa afisa huyohuyo.

Sasa turudi kwa Esta, maana alikuwa binti mkubwa alipoingia nyumba ya mfalme. Mordekai angeweza kusema kazi yangu imekwisha. Aya ya 20 inatuambia Esta aliendelea kumsikiliza kama wakati ule alipokuwa akilelewa naye. Kwetu, mtoto akitimiza miaka 18 kisheria si mtoto tena, na sadaka yetu nayo hukomea hapo. Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote tunayoyajua.

Maandalizi yaanze akiwa na miaka 14. Kwanza vyeti. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na vyeti vya vifo vya wazazi. Kifo ambacho hakikuandikishwa wakati wake kinahitaji ushahidi wa ndugu na wa serikali ya kijiji, na mara nyingi anayekumbuka tarehe na mahali ni bibi mmoja aliye mzee. Mkimngoja mtoto afike kidato cha sita, bibi hayupo. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu humtaka yatima aambatishe vyeti vya vifo vilivyohakikiwa na RITA. Asiyekuwa navyo ni yatima machoni pa kila mtu isipokuwa kwenye fomu. Akifika 18 afuatilie kitambulisho cha taifa cha NIDA mara moja, kwa kuwa bila namba hiyo hasajili hata laini ya simu kwa jina lake.

Pili, maisha. Kijana aliyekulia makaoni anaweza kusonga ugali wa watu 40 na asijue kupika wa mtu mmoja. Hajawahi kununua nyanya za fungu, kununua luku, kumwomba mwenye nyumba amvumilie wiki moja. Apewe fedha ndogo ya wiki akiwa bado ndani, aipangie, akosee akiwa na wa kumrekebisha. Siku ya kutoka anahitaji kodi ya chumba ya miezi mitatu au sita, kwa kuwa wenye nyumba hutaka kwa mkupuo, godoro, neti, mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria mbili, ndoo mbili. Aliyesoma ushonaji VETA, chuo cha ufundi stadi, msimkabidhi cherehani siku ya mahafali. Bila mahali pa kukiweka na wateja, kitauzwa ndani ya miezi miwili ili alipe kodi. Mtafutieni kwanza fundi wa kukaa naye miezi mitatu hadi sita, mlipieni nauli na chakula, kisha cherehani kije.

Tatu, mtu. Fomu ya mkopo inataka mdhamini. Tajiri wa bodaboda anataka mdhamini. Polisi wanataka mtu wa kumdhamini. Hospitali inauliza ndugu wa karibu ni nani, na kijana anatazama chini. Binti akiposwa, barua ya posa inapelekwa nyumba gani? Siku ya kumuaga, nani anakaa kwenye viti vya wazazi? Hapa hakuna gharama kubwa ya fedha. Panatakiwa mume na mke waliokubali mapema, wanaojulikana ofisini kwa makao na kwa ustawi wa jamii, ambao namba yao kijana anaijua kwa kichwa, na wanaompigia wao kwanza kila Jumapili jioni kumuuliza amekula nini.

Kwa maombi ya juma hili: tuwaombee walezi wa zamu ya usiku. Tuwaombee wanaotimiza miaka 18 mwaka huu katika makao yaliyo karibu na kila jumuiya yetu, na mjitahidi kuwajua kwa majina kabla ya kuwaombea. Tuwaombee mabibi wanaolea wajukuu, na maafisa ustawi wa jamii wenye kata nyingi na nauli haba. Jumatano jioni kila jumuiya ichague watu wake wanne, na mmoja wao apige simu makaoni kuuliza Februari walipungukiwa na nini.