Mita 140 za Liu Wang

"Baba, kama kompyuta inajiendesha, hao watu ndani wanafanya nini?" Mwanangu alikuwa amesikia kwamba Shenzhou-21, chombo cha China cha kubeba wanaanga, ilijiunga yenyewe na Tiangong, kituo cha anga cha China, saa tatu na nusu hivi baada ya kuruka. Nikajibu kwamba wapo ili mambo yakiharibika washike wenyewe. Jibu halikumtosha. Mimi lilinirudisha Beijing, Jumapili ya tarehe 24 Juni 2012, kwenye televisheni ya bweni, nusu ya vijana wakisinzia kwa sababu alfajiri walikesha na mechi ya Hispania na Ufaransa.

Ya mwanzo ni mafupi. Shenzhou-9 iliruka kutoka kituo cha kurushia roketi cha Jiuquan tarehe 16 ikiwa na Jing Haipeng, Liu Wang na Liu Yang, mwanamke wa kwanza wa China kwenda angani. Tarehe 18 ikajiunga na Tiangong-1, kituo kidogo cha majaribio cha China, kwa kompyuta, bila matata. Jumapili ile basi walikuwa wanarudia kwa makusudi: wajitoe, warudi nyuma mita 400, kompyuta iwasogeze hadi mita 140, kisha Liu Wang ashike kwa mikono.

Wenzo wa kushoto husogeza chombo mbele, nyuma, juu, chini na pembeni. Wa kulia hugeuza pua yake. Macho yote yapo kwenye skrini, na kwenye skrini kuna alama ya msalaba iliyofungwa kwenye Tiangong-1, imesimama mbele kidogo ya bamba lake. Msalaba ukikaa katikati ya bamba, umenyooka. Ukihama, ama umekaa upande ama pua imepinda, na hapo ndipo watu wanapoharibu: wanasahihisha kwa wenzo usiohusika, kosa moja linazaa la pili.

"Bonyeza, subiri," alinong'ona kaka mmoja wa Mwanza aliyekuwa akisomea udhibiti wa mitambo, kana kwamba Liu Wang anamsikia. Huko juu hakuna hewa ya kukupunguza mwendo. Msukumo ulioutoa unabaki nao mpaka utoe wa kuupinga. Asiye na subira huanza kuyumba huku na huku akimaliza mafuta. Kwamba vyombo vyote viwili vinakwenda karibu kilomita 7.7 kwa sekunde si hoja. Hoja ni tofauti ya mwendo kati yao, ambayo inapaswa kushuka hadi sentimita 20 hivi kwa sekunde. Ukizidisha unagonga, ukipunguza mno ndoana hazishiki.

Msalaba ukacheza kidogo, ukatulia, ukaendelea kukua. Pete zikagusana, ndoana zikakamata, vyombo vikavutana, kufuli 12 zikafunga. Kwa mkono, haikufika dakika 7. Mlango haukufunguliwa papo hapo, maana kwanza hupimwa kama hewa inavuja, kisha shinikizo husawazishwa pande zote mbili.

Ubishi ulianza kwenye wali. Liu Wang alikuwa amefanya zoezi lile ardhini zaidi ya mara 1,500, na kaka akashikilia kwamba kilichofaulu ni mtambo wa mazoezi, si mtu. Nikamtajia Mir, kituo cha anga cha Urusi. Tarehe 25 Juni 1997, miaka 15 kasoro siku moja kabla ya mchana ule, mwanaanga Vasily Tsibliyev aliongoza kwa mkono chombo cha mizigo cha Progress akiwa ndani ya kituo, rada ya kupima umbali imezimwa, akitegemea picha ya skrini. Kikaja kasi, kikagonga moduli ya Spektr na kuitoboa. Ikabidi wakate nyaya ili wafunge mlango wake. Yeye naye alikuwa amefundishwa. Kaka akajibu kwamba alifundishwa kidogo, na kwamba hakuna zoezi linalochukua nafasi ya kipimo cha umbali.

Tarehe 8 Januari 2022 Wachina walijaribu jambo la aina hiyohiyo: wanaanga wa Shenzhou-13, wakiwa ndani ya kituo, waliiongoza Tianzhou-2, chombo cha mizigo, kwa mkono hadi mita 200 na kuirudisha. Ilikwenda vizuri. Nilimtumia kaka habari hiyo, naye akanijibu kwamba inathibitisha hoja yake. Mimi nilidhani inathibitisha yangu.