Mfupa usio na uboho: kumbukumbu ya mradi wangu

Siku ya 1

Maji yamekupwa, natembea nikifuata mstari wa kokoto. Katikati yake kuna kipande cheusi kilichopinda kama ndizi, urefu sentimita 17. Nilipiga picha palepale na kuandika mahali kilipolala, ndipo nikakiinua. Mkono ulishtuka: kizito kuliko umbo lake. Nyumbani nilikigonga kwa kijiko, kikalia kama kikombe cha kauri. Mfupa mbichi hutoa sauti butu.

Siku ya 2

Jaribio la ulimi. Mfupa wa kisukuku, yaani wa kale uliohifadhiwa ardhini na kuingiwa na madini, mara nyingi hunata kwenye ncha ya ulimi kwa sababu ya vitundu vyake vidogo, jiwe halinati. Nilikiosha, nikakilamba. Hakikunata hata kidogo. Nikatazama ncha iliyovunjika nikitafuta nafasi ya uboho, au walau ile sehemu ya ndani iliyo kama sifongo. Hakuna. Kimejaa kutoka ganda hadi kiini. Nikaandika daftarini "JIWE" na kukitupa kwenye boksi.

Rangi haikunisaidia, na naona wengi wanadanganyika hapo. Weusi si uzee. Chuma na manganisi vikiingia, mfupa hubadilika rangi, na ukifukiwa kwenye tope lisilo na hewa unaweza kuwa mweusi mapema sana.

Siku ya 5

Nimekitoa tena kwenye boksi. Kilichonirudisha ni mistari: ubavuni kuna michirizi myembamba inayofuata urefu wa kipande na kupinda pamoja nacho. Sijaona kokoto yenye adabu hiyo. Nililowesha ile ncha iliyovunjika, nikamulika tochi kwa upande na kuweka lenzi ya kukuza mara 10. Mwanzoni weusi mtupu. Nikageuza kidogo, na mwanga ulipolala vizuri vikatokea vidoti, vidogo kuliko alama ya sindano, vimetapakaa uso mzima. Ni midomo ya njia zilizopitisha mishipa ya damu. Nilifuta lile neno daftarini.

Kisha sindano ya moto, mahali pasipoonekana. Mfupa ambao bado una kolajeni, protini yake ya asili, hunuka nywele zilizoungua. Huu haukunuka kitu.

Mizani: gramu 288. Maji yaliyopanda kwenye chombo chenye vipimo: mililita 113. Yaani gramu 2.55 kwa kila mililita, wakati mfupa mbichi ulio mgumu huwa karibu na 2. Madini yameingia. Lakini kwa namba hii peke yake ningerudi kwenye jiwe, maana kwatzi ni 2.65.

Siku ya 9

Ni ubavu, hilo nililiona kwa mpindo. Wa nani? Ubavu wa ng'ombe ni bapa na ndani ni sifongo. Wa nyangumi nao una sifongo tele. Wangu ni wa mviringo, unene sentimita 3.2 kwa 2.6, na umejaa. Nilikuwa nahesabu kukosa uboho kama dosari ya ushahidi, kumbe ndiyo sahihi ya mwenyewe: nguva, yule mnyama wa baharini anayenyonyesha.

Nguva hula majani ya baharini kwenye maji ya kina kifupi, na mapafu yake makubwa yangemwelesha. Mbavu nzito ndizo farumi yake, kama mawe ndani ya jahazi tupu. Jambo hili ni la kale katika ukoo wao. Pezosiren, nguva wa kale wa Jamaika aliyeelezwa kitaalamu mwaka 2001, alikuwa bado na miguu minne ya kutembelea, na mbavu zake tayari zilikuwa nzito.

Nguva wa aina gani, ubavu mmoja hausemi. Hapo panahitaji fuvu au meno. Umri nao ulibaki kwenye tabaka la mwamba ambamo mawimbi yalikitoa. Lebo yangu inasomeka: "Ubavu, jamii ya nguva, kisukuku, umeokotwa nje ya tabaka."

Siku ya 12 na kuendelea

Kipo ndani ya ndoo ya maji yasiyo na chumvi. Chumvi ya bahari ikikaukia ndani huunda fuwele zinazopasua mfupa, na nimeshaona ufa mmoja mwembamba karibu na ncha, kosa langu la kukiacha kikauke boksini. Nabadilisha maji kila baada ya siku 2. Kila mara nadondosha tone la maji ya zamani juu ya kioo na kuliacha likauke. Leo bado limeacha duara jeupe: chumvi haijaisha.