Kilima cha Kifusi

Mwaka 2014 nilipanga chumba Berlin, kwa mama mmoja wa miaka 77. Nilimwita Bibi kwa Kiswahili, naye akalipenda jina hilo. Jumapili moja ya Oktoba akaniambia nivae viatu vya kutembelea, tukapande kilima.

Tulishuka kituo cha Grunewald. Kumbe alikuwa na pa kupitia kwanza. Jukwaa namba 17 halipiti treni tena, miti imeota katikati ya reli. Ukingoni, urefu wote wa jukwaa, yamelazwa mabamba ya chuma. Kila moja lina tarehe, idadi ya Wayahudi waliopakiwa siku hiyo na ghetto au kambi ya Wanazi walikopelekwa: Lodz, Riga, Theresienstadt, Auschwitz. Treni ya kwanza iliondoka tarehe 18 Oktoba 1941. Nilitembea nikisoma mpaka nikafika tarehe za 1945. Vita inakwisha, na watu bado wanapakiwa.

Bibi alikuwa amesimama mbele ya bamba moja la 1942.

"Ghorofa ya juu yetu ilikaa familia ya Kiyahudi," akasema. "Mama alituambia wamehama. Baadaye vitu vyao vikapigwa mnada, nasi tukapata kabati la vyombo."

Minada hiyo haikuwa ya kificho. Serikali iliuza mashuka, masufuria na viti vya waliochukuliwa, na watu wa kawaida wakanunua. Nikamuuliza kama mama yake alijua.

"Alijua. Na sahani zetu alizipanga humo humo."

Tukaingia msituni. Kilima chenyewe, Teufelsberg, ni mwendo wa nusu saa hivi, na kupanda kwake kunatoa jasho hata kwenye baridi. Juu watoto walikuwa wanarusha tiara. Ungedhani ni kilima kama vilima vingine, lakini chote ni kifusi: nyumba za Berlin zilizobomolewa na mabomu, zikaletwa kwa malori miaka na miaka baada ya vita, zikarundikwa mpaka kufikia mita 120 hivi juu ya usawa wa bahari.

Nyumba ya kina Bibi ilikuwa Charlottenburg, mtaa mmoja wa Berlin. Iliungua usiku wa 22 Novemba 1943, wao wakiwa wamejibanza chini ya jengo na majirani, watoto wamevalishwa makoti mawili mawili. Baba alikuwa vitani upande wa mashariki na hakurudi. Vita vilipokwisha mama yake akaenda kwenye kifusi na nyundo, kugonga saruji kavu itoke kwenye matofali ya zamani ili yajengewe tena. Hakufuata sifa, alifuata kadi. Kadi za mgao wa chakula zilikuwa na madaraja, na mama wa nyumbani aliwekwa daraja la chini kabisa, ambalo watu waliliita kadi ya makaburini. Aliyebeba matofali alipata mkate zaidi. Majira ya baridi ya 1946 kuingia 1947 walikula hata maganda ya viazi. Miti ya bustani kubwa ya Tiergarten ilikuwa imekatwa kuni, na pale penye nyasi watu wakapanda viazi na kabichi.

Njiani kushuka, mvua ilikuwa imechimba ukingo wa njia. Nikaona kitu cheupe, nikakichokoa kwa kidole. Kilikuwa kipande cha kigae cha jikoni, kikubwa kama kiganja cha mtoto, na mstari wa buluu pembeni. Upande wa nyuma saruji ilikuwa bado imeng'ang'ania.

Bibi akakipokea, akakifuta kwa kitambaa chake cha mkononi.

"Na lile kabati?" nikamuuliza.

"Liliungua na nyumba. Limo humu."

Nilitaka kukiweka kile kigae mfukoni, kiwe kumbukumbu. Akatikisa kichwa. Akainama taratibu, mkono mmoja begani kwangu, akakirudisha kwenye tundu lake na kukifukia kwa ncha ya kiatu. Tulifika kituoni giza likianza kuingia.